Motokari ya umeme inalala wapi?



Nyuma ya kikutano cha vijana, kijana mumoja alinifuata mpaka kwenye mulango. Kaka yake mukubwa anafanya kazi kwa machimbo, na yeye mwenyewe anajifunza ufundi wa umeme. Akaniambia: «Baba Pasta, kila siku tunasikiaka paka kobalti, kobalti. Hizi motokari za kura, kule Bulaya, banazitiaka kura wapi? Ku stasio sawa esanse, ao mu nyumba?»

Nikamujibu mbio: mu nyumba, usiku, wakati mutu analala. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tena: «Na mutu ile hana nyumba?»

Kwa kweli sikuwa na jibu. Nilimwambia angoje. Nimesoma, nimeuliza wenye kujua, na nimeona kwamba ulizo la kijana huyu njo ulizo lenyewe ambalo watu wa kule wanabishana juu yake. Basi ninaandika hapa, kwani wako wengi wenye kuuliza sawasawa na yeye. Sisi wa Kolwezi, Fungurume na Likasi tunajua namna mawe yanatoka katika udongo. Mwaka 2023 karibu robo tatu ya kobalti yote iliyochimbwa katika dunia ilitoka katika inchi yetu. Lakini mawe yakiisha kupita mupaka wa Kasumbalesa, hatujui tena yanaishia katika maisha ya nani.

Tutwae mahali pamoja tu: California, katika Marekani, upande wa muji wa San Francisco, Oakland na San Jose. Nimechagua pale kwa sababu mbili. Ya kwanza, motokari za umeme ziko nyingi sana. Katika muji wa Fremont kuna kiwanda cha Tesla. Zamani, tangu 1984, kilikuwa kiwanda cha Toyota na General Motors pamoja, kikafungwa 2010, na Tesla wakakinunua mwaka ule ule. Mwaka 2023 na 2024, katika motokari mupya ine zilizouzwa California, karibu moja ilikuwa ya umeme. Sababu ya pili: pale nyumba iko bei kali kuliko karibu kila fasi ya Marekani. Mambo haya mawili yamekutana katika kichwa cha mutu mumoja, yule mwenye kupanga.

Bei ya kulala

Mwaka 2024, bei ya katikati ya nyumba ya jamaa moja katika California yote ilipita dola 900,000 katika miezi fulani. Upande wa San Francisco inapita milioni moja, na kule San Jose inapita zaidi. Usifikiri ni nyumba ya mufalme. Ni nyumba ya vyumba 3, kiwanja kidogo, garaji mbele, pengine ilijengwa mwaka 1955 kwa ajili ya mufanyakazi wa kiwanda.

Tufanye hesabu. Nyumba ya dola 1,000,000: benki inataka kwanza utoe mukononi 200,000. Zile 800,000 zinazobaki, kwa riba ya 6.5 kwa mia na miaka 30, utalipa zaidi ya dola 5,000 kila mwezi. Mwenye kupanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala kule San Jose analipa kama dola 3,000 kwa mwezi. Na mushahara mudogo unaokubaliwa na sheria ya California mwaka 2025 ulikuwa dola 16.50 kwa saa. Mutu akitumika saa 160, anapata 2,640, mbele ya kodi. Kumbe mwezi muzima wa kazi haujalipa hata mulango wa nyumba.

Sisi tunaosikia «dola 2,640» tunafikiri ni utajiri. Ni hesabu ya mutu mwenye kuhama kila mara.

Nyumba zilikuwa namna gani bei ile? Wengine wanasema ni juu ya matajiri wa kompyuta, wale wa Apple na Google. Ni kweli nusu yake. Kazi ziliongezeka mbio, nyumba zikaongezeka polepole. Lakini polepole ile haikuanguka kutoka mbinguni. Tangu 1916, muji wa Berkeley ulikuwa na sheria ya kusema: katika mutaa huu inajengwa paka nyumba ya jamaa moja kwa kila kiwanja. Miji mingine ikafuata. Hakuna kujenga gorofa, hakuna kugawanya kiwanja. Walioisha kununua waliona vizuri, kwani kitu kikiwa kichache bei yake inapanda. Ni tangu Januari 2022 tu ambapo sheria ya jimbo zima iliruhusu mwenye kiwanja akigawanye na kujenga nyumba mbili ao zaidi.

Tena kuna sheria ya mwaka 1978, ambayo watu wenyewe waliipigia kura, inaitwa Proposition 13. Kodi ya nyumba isipite 1 kwa mia ya bei iliyoandikwa, na bei ile iliyoandikwa isipande kuliko 2 kwa mia kila mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mzee aliyenunua kwa dola 100,000 mwaka 1980, leo nyumba yake imeandikwa kama 244,000, naye analipa kodi ya dola 2,400 na kitu. Jirani yake kijana aliyenunua nyumba sawa na ile kwa 1,200,000 analipa 12,000. Basi mzee anauza juu ya nini? Anabaki. Simulaumu, sheria ile ilifanywa ili wazee wasifukuzwe katika nyumba zao na kodi. Lakini vijana wanabaki inje.

Motokari inakula ikilala

Sasa tuje kwa kura. Motokari ya esanse inakula kwa dakika 5, kisha inatembea. Motokari ya umeme ni tofauti: inapenda kula polepole, wakati imesimama. Na motokari inasimama wapi kwa saa nyingi? Pale mwenyewe analala.

Priz ya kawaida ya nyumba ya Marekani ni volti 120, karibu nusu ya ile yetu ya 220. Ukifunga motokari pale, inaingia kama kilowati 1.4. Kwa usiku wa saa 10 unapata kilowati-saa 14, na kwa hizo unaweza kutembea kilometa 75 ao 80. Wengi hawapitishe kilometa hizo kwa siku. Mwenye kutaka mbio anaita fundi wa umeme amufungie laini ya volti 240, ile ya mashini ya kukausha nguo. Hapo kilowati-saa 7 zinaingia kila saa, na asubuhi batri imejaa. Katika nyumba za zamani kofre ya umeme ni ya ampere 100 tu, na kuibadilisha kuwa 200 kunakula maelfu ya dola. Vijana mafundi, sikieni: mara nyingi hakuna lazima ya kuibadilisha. Kuna vyombo vinavyopima umeme wa nyumba nzima, vikiona jiko linawaka vinapunguza umeme wa motokari, wakilala watu vinaurudisha.

Jambo hili lote linataka kitu kimoja: ukuta wako, na mahali pa kusimamisha motokari karibu na ukuta ule.

Lokatere wa gorofa ya tatu ana nini? Motokari yake iko chini, katika parkingi ya watu 40, ao katika barabara pale alipopata nafasi. Hawezi kushusha kamba kutoka dirishani. Na hata kama kuna priz pale parkingi, inatoka kwa kontere ya mwenye nyumba.

Hapa ndugu wengi wa Kolwezi watacheka, kwani wanajua. Nilipata kuitwa kuamua maneno katika parsele moja ambapo jamaa 5 walikuwa kwa kontere moja. Walikuwa wakigawanya faktire sawasawa, kila mumoja sehemu ya tano. Siku moja mama mumoja alileta frigo ya kuuzisha maji ya baridi. Mwezi ule faktire ilipanda, na wale wanne wakasema: sisi tuna taa moja moja, juu ya nini tulipe barafu ya mwingine? Tulikaa tangu saa nane mpaka giza. Mama aliona kama wanamuonea wivu. Wale waliona kama anawaiba. Kila mumoja alikuwa na haki kidogo. Mwishoni alikubali kununua kontere yake ndogo, na mwenye parsele alikataa kwanza asiguse nyuzi zake.

Ni maneno yale yale kule California, ila frigo imekuwa motokari. Jimbo liliandika sheria: kwa mikataba ya kupanga tangu Julai 2015, lokatere akiomba kwa barua kufunga chombo cha umeme mahali pake pa parkingi, mwenye nyumba asimukatalie bure. Ni nzuri. Lakini lokatere atalipa chombo, atalipa fundi, atalipa matengenezo na umeme. Parkingi yenye nafasi chini ya 5 haimo katika sheria. Sasa uniambie, ni nani atafunga kitu cha maelfu ya dola katika ukuta wa mutu mwingine, na mwaka ujao feza ya nyumba inapandishwa, anahama, ukuta unabaki na chombo chake? Na mwenye nyumba naye anajiuliza: nitatumia feza zangu juu ya motokari ya mutu ambaye kesho hayuko? Kila mumoja anangojea mwenzake.

Nani analipa zaidi

Basi lokatere anaenda kwa stasio za umeme, zile kubwa za barabarani, zinazojaza batri kwa dakika 20 mpaka 40. Ziko nyingi kule. Lakini bei! Katika fasi nyingi inafika kama senti 60 kwa kilowati-saa moja. Mwenye nyumba, katika tarifa ya usiku ya shirika la umeme la upande ule, PG&E, alikuwa akilipa kama senti 33 akifunga motokari nyuma ya saa sita ya usiku. (Na hii njo ilikuwa bei ya chini ya pale. Marekani nzima, bei ya katikati ya umeme wa nyumba mwaka 2024 ilikuwa senti 16 na kitu. Ila muji wa Santa Clara uko na shirika lake wenyewe la umeme, na watu wake wanalipa karibu nusu tu ya majirani wao ngambo ya barabara.)

Tutwae mutu mwenye kutembea kilometa 1,500 kwa mwezi. Motokari yake inakula kilowati-saa 18 kwa kilometa 100. Ni 270 kwa mwezi. Mwenye nyumba analipa dola 89. Lokatere wa stasio analipa dola 162. Sasa tuangalie esanse, tuseme dola 1.25 kwa litre, kwani California esanse iko juu kuliko majimbo mengi. Motokari ya kawaida inayokula litre 8 kwa kilometa 100 itataka dola 150. Ile ya Toyota Prius, yenye esanse na batri ndogo pamoja, inakula karibu litre 5: dola 94.

Rudia kusoma hesabu hii. Umeme ule ule, motokari ile ile. Kwa mwenye garaji ni rahisi kuliko Prius. Kwa lokatere ni gali kuliko esanse.

Na hii hatuishangae sana. Kwetu, mwenye kura mu nyumba anatia simu yake umeme bila kuhesabu. Asiye nayo anaipeleka kwa meza ya kijana wa jenereta, analipa kila siku, na mwisho wa mwezi amelipa umeme kidogo kwa bei kubwa kuliko ya mwenye kontere.

Kuna jambo lingine ambalo lilinigusa zaidi. Watu wanasema: maskini anunue motokari ya umeme iliyotumika, ni bei rahisi. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Marekani Desemba 2010. Ya kwanza ilikuwa na batri ya kilowati-saa 24, ilitembea kama kilometa 117: kutoka Lubumbashi ingefika Likasi kwa shida. Leo batri ile imechoka, pengine inatembea 80 tu, na ni kweli inauzwa kwa dola maelfu machache. Lakini mwenye motokari kubwa mupya anatia umeme mara moja kwa juma. Mwenye Leaf iliyozeeka lazima aitie kila usiku. Kumbe motokari rahisi njo inadai nyumba kuliko ile ya tajiri.

Wengine wamefanya shauri ingine: wamehama mbali. Wale wanaofagia maofisi, wanaopika, wanaoendesha bisi za San Francisco, wengi wanalala Stockton, Tracy, Modesto, ngambo ya milima ya Altamont. Stockton mpaka San Francisco ni kilometa 130 hivi. Kule nyumba ni karibu nusu ya bei, na iko na garaji. Wanapata priz yao. Lakini baba anatoka saa kumi ya usiku watoto wamelala, anarudi watoto wamelala. Priz ameipata kwa bei ya saa 4 za barabara kila siku. Mimi sijui kama ningekubali. Wake wa wafanyakazi wa machimbo wanaosoma hapa, ambao bwana anaonekana nyumbani kwa wiki mbili na kupotea wiki nne, wanaweza kunijibu kuliko mimi.

Na yule mwenye paa anaweza kuongeza vibao vya jua juu yake. Tangu Aprili 2023 shirika linamulipa kidogo sana kwa umeme anaorudisha katika laini, lakini ule anaoutumia mwenyewe haulipi. Lokatere hana paa.

Kitu gani kimefanywa? Nyumba mupya zenye garaji lazima zijengwe zikiwa na bomba la kupitisha waya na nafasi katika kofre. Ni garama ndogo sana wakati wa kujenga, na kubwa wakati saruji imekauka. Jimbo liliamua mwaka 2022 kwamba kufikia 2035 motokari mupya zote zinazouzwa zisitoe moshi. Juni 2025 serikali ya Washington ilifuta ruhusa ile, na California imekwenda mahakamani. Musaada wa dola 7,500 kwa mununuzi, uliotoka Washington, uliisha tarehe 30 Septemba 2025. Mwenye garaji hakuumia sana. Aliyekuwa anahesabu shilingi kwa shilingi, yule aliacha.

Hii inatugusa namna gani, sisi wa kobalti? Kama motokari ya umeme inabaki kitu cha wenye nyumba tu, itauzwa kwa wenye nyumba tu, na nusu ya watu wa California hivi, wale wanaopanga, watabaki na esanse. Tena motokari za bei rahisi siku hizi zinatumia batri ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata kidogo. Mwaka 2024 batri hizo zilikuwa karibu nusu ya batri zote za motokari za umeme katika dunia. Bei ya kobalti ilianguka mpaka serikali yetu ikafunga kuiuzisha inje tarehe 22 Februari 2025, kisha ikafungua Oktoba kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Baba wa nyumba aliyepoteza kazi mwaka ule anajua kipimo hicho kuliko gazeti. Shaba, yenyewe, haina shida: motokari ya umeme inataka shaba mara tatu hivi kuliko ya esanse, na kila priz inayofungwa katika parkingi ni shaba.

Wazee wetu watakumbuka kwamba katika kambi za Union Minière na kisha Gécamines, nyumba, maji na kura vilikuja pamoja na kazi, mutu hakuuliza bei. Kazi ilipoisha, vyote vilitetemeka pamoja. Leo kijana wa Kolwezi anapanga kwa dola, analipa garanti ya miezi, na kura anaitafuta mwenyewe.

Nilimurudia kijana wangu Jumapili iliyofuata, nikamueleza hayo yote. Akasikiliza vizuri. Aliyopenda zaidi ni habari ya Los Angeles: kule muji umefunga vyombo vya kutia motokari umeme katika nguzo za taa za barabara, mamia yake. Taa za zamani zilibadilishwa kwa taa zinazokula umeme kidogo, na umeme uliobaki katika waya ule ule ukapewa motokari. Lokatere anasimamisha chini ya nguzo, anafunga kamba, anapanda kulala.

«Hiyo mi naweza kufunga,» akasema. «Waya iko tayari.»

Akageuka kutazama nguzo ya taa iliyo mbele ya kanisa. Ilikuwa karibu saa moja ya jioni. Tulingoja kidogo kuona kama itawaka, kisha kila mumoja akashika njia yake na torche ya simu.